Fulana Huharibikia Kwenye Mchoro

Wewe unayeanza kazi hii ya kuchapa fulana kwa skrini, yaani fremu iliyowambwa wavu wa kupitisha rangi, ukiona fulana mbovu usikimbilie kulaumu rangi wala mkono wa aliyeivuta. Mara nyingi fulana hiyo iliharibika siku mbili nyuma, pale mchoro ulipoingia kwenye simu na mtu akajibu "poa, tutafanya." Nimechapa fulana Dar es Salaam miaka mingi, nikianzia kwenye kuosha fremu za watu, na hasara zangu karibu zote zilianzia hapo.

Mteja anakutumia nembo kwa WhatsApp. Kwenye simu inang'aa, kwa sababu simu yenyewe ni ndogo. Lakini picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa ili isile bando, na unachopokea ni kivuli cha kilichotumwa. Piga hesabu. Picha yenye upana wa pikseli 640, kwa kipimo cha pikseli 300 kwa inchi, inatosha sentimita 5 na nusu tu. Wewe unataka kujaza kifua, sentimita 28, na hapo unahitaji pikseli kama 3,300. Ukiivuta kwa nguvu, kingo zinageuka ngazi, na skrini itazichapa ngazi hizo kwa uaminifu wote. Mwambie mteja atume faili kama dokumenti. Vizuri zaidi, amtafute aliyemchorea nembo ampe faili la asili la vekta, lile linalokuzwa hadi ukubwa wa bango bila kupasuka. Akilikosa, kaa uichore upya kwa CorelDRAW, Illustrator au Inkscape (hii ya mwisho ni ya bure, usijisingizie umaskini). Kazi hiyo itoze. Kwa muda mrefu mimi niliifanya bure nikijiona mkarimu, kumbe nilikuwa nawafundisha wateja kuwa mchoro hauna bei.

Kabla hujapeleka faili kwa anayekutolea filamu (karatasi angavu yenye mchoro mweusi, inayolazwa juu ya skrini kuziba mwanga), geuza herufi zote ziwe michoro. Kompyuta yake ikikosa fonti yako itaweka yoyote iliyonayo, na utakuja kugundua umeshaweka skrini juani.

Sasa rangi. Kila rangi kwenye mchoro ni filamu yake, fremu yake na mvuto wake. Mteja anayeleta nembo ya rangi sita akitaka fulana 20 hajui anaomba fremu sita, na ni kazi yako kumwonyesha jinsi rangi mbili, pamoja na rangi ya kitambaa chenyewe, zinavyoweza kubeba ujumbe uleule. Filamu zote zitoke nyeusi tii, hata ile ya njano, kwa sababu kazi yake ni kuziba mwanga tu. Rangi utaitia mezani. Weka alama za msalaba pembeni, mahali palepale kwenye kila filamu, ndizo zitakazokusaidia kulenga. Na pale rangi mbili zinapokutana, acha moja iingie kidogo chini ya mwenzake. Zikigusana ukingo kwa ukingo, kitambaa kikisogea unywele mmoja tu utaona mstari wa fulana ukichungulia katikati.

Fulana nyeusi ndiyo hufunza watu. Ukitia nyekundu moja kwa moja juu ya nyeusi, unapata kitu kama damu iliyokauka. Inabidi utangulize tabaka la nyeupe, ulikaushe juu juu kwa joto hadi lisishike kidole, ndipo nyekundu ipande. Hilo tabaka la nyeupe usilitoe saizi moja na rangi ya juu. Libane kwa ndani kama theluthi ya milimita kuzunguka pande zote, la sivyo kila herufi itakuwa na kamstari cheupe pembeni, na mteja atauliza kwa nini maandishi yake yana "kivuli." Nakumbuka kazi yangu ya kwanza ya nyeusi. Nilidhani tatizo ni meza kulegea, nikaikaza usiku kucha. Meza haikuwa na neno.

Unene wa mistari nao una mpaka wake. Mstari mwembamba kuliko nusu milimita usiuamini, na ule unaotakiwa kubaki tupu katikati ya rangi uongeze zaidi, kwa sababu rangi hutanuka na kuufunga. Vijana wanapenda fonti za kujipinda kama mizabibu. Mimi huwaambia waitazame kanga. Jina la kanga huandikwa kwa herufi kubwa, zilizosimama, zenye nafasi, na unalisoma mwanamke akiwa ng'ambo ya barabara anatembea. Hakuna anayesimama kuisoma fulana yako.

Picha za sura za watu, zile za msiba au za harusi, zinahitaji kuvunjwa ziwe nukta, kubwa penye giza na ndogo penye mwanga. Hapo chagua wavu kwanza. Wavu wa nyuzi 43 kwa sentimita ni wa herufi nene na nyeupe nzito. Kwa nukta nenda kwenye 77 au zaidi. Kwa wavu wa 77 mimi sivuki mistari 40 ya nukta kwa inchi, kwa sababu nukta ikiwa ndogo kuliko tundu la wavu haina pa kushika, itaondoka na maji. Anza na kazi hizi baada ya miezi, si wiki.

Filamu ikitoka, inyanyue uitazame dhidi ya dirisha. Ukiona mwanga unapenya kwenye weusi, skrini itaiva hata pale pasipotakiwa, na utasugua maji hadi wavu uchanike. Ukitumia karatasi ya trasingi na printa ya leza, toa nakala mbili uzipandanishe. Ilaze filamu upande wenye wino ukigusa emulsheni (dawa inayopakwa kwenye wavu na kugandishwa na mwanga), halafu geuza fremu: kutoka upande wa skwiji, ile raba ya kuvutia rangi, maandishi lazima yasomeke sawasawa. Nimeona fundi mwenye uzoefu akichapa fulana 30 zinazosomeka kwenye kioo tu.

Muda wa mwanga usiuulize kwa mtu. Jua la saa nne si jua la saa nane, na emulsheni ya kopo hili si ya kopo lile. Paka emulsheni kwenye kipande cha fremu, laza filamu, kifunike kwa kadibodi, kisha fungua sehemu moja moja kila baada ya sekunde chache. Osha, uone ni sehemu ipi iliyoshika mistari myembamba bila kuteleza. Andika muda huo ukutani.

Mezani sina mengi. Fremu iinuke juu ya fulana kiasi cha sarafu moja au mbili, ili wavu uachie kitambaa mara skwiji inapopita. Mchoro wa kifuani uanze sentimita 8 hivi chini ya ukosi, maana watu wengi huuteremsha hadi tumboni. Kama oda ina saizi za watoto na za watu wazima kwa filamu moja, pima kwa ile ndogo kuliko zote.

Swali la kitambaa liulize kabla ya yote, ingawa mimi nimelifikisha hapa kwa sababu nililijua kwa kuchelewa. Nilipewa jezi nyekundu za poliesta kwa mashindano ya mtaa, namba nyeupe mgongoni. Jioni zilikuwa nyeupe pee, nikazipanga kwa fahari. Asubuhi zilikuwa za waridi. Joto lile la kukaushia liliamsha rangi ya kitambaa, ikapanda taratibu hadi kwenye nyeupe yangu. Timu ilicheza hivyohivyo na watani wao hawakukosa la kusema. Kwa poliesta tafuta rangi maalumu inayoiva kwa joto la chini, na chapa moja uilaze usiku kabla ya kugusa nyingine.

Pamba haina visa hivyo, ila plastisoli, rangi isiyokauka kwa hewa bali kwa joto, nayo lazima iive. Aina nyingi zinataka nyuzijoto 160 hivi, na joto hilo lifike hadi chini ya rangi, lisiishie juu. Vuta kitambaa penye maandishi: rangi ikipasuka kama udongo mkavu, bado. Kisha fua moja kabla ya kukabidhi. Mteja atafua tu, bora uanze wewe.

Rangi ya kwenye simu usiikubalie. Kioo kinatoa mwanga, kitambaa hakitoi. Paka tone la rangi halisi kwenye kipande cha kitambaa kilekile, mteja alione juani, akubali. Wana Yanga wanaijua kijani yao, wana Simba wanaijua nyekundu yao, na hutawashinda kwa maneno. Tena nembo za klabu na za kampuni zina wenyewe, alama za biashara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Anayekuletea bila idhini ya maandishi mrudishe kwa upole, hata kama ana fedha taslimu mkononi.

Sampuli ya mwisho mpe mteja aisome kwa sauti, neno kwa neno, mbele yako, kisha asaini. Usimuulize "iko sawa?" maana atasema ndiyo. Nilichapa fulana za kipaimara zilizoandikwa "kipamara," watu watatu tukiwa tumeitazama na kutikisa kichwa.

Filamu zilizokwisha kazi usitupe. Ziweke bapa kwenye bahasha, andika jina la mteja, wavu uliotumia na muda wa mwanga. Kamati za mashindano na mahafali hurudi kila mwaka na mchoro uleule, kwa hiyo mwaka wenyewe ukate kwenye kipande chake kidogo cha filamu, ubandike kwa selotepu. Wakirudi unabadilisha tarakimu tu.