Hewa Ukaa Ndani ya Amini: Kwa Nini Vipimo Vyangu Vinazidi?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasomea uhandisi wa kemikali. Kwa ajili ya mradi wangu ninapima hewa ukaa inayoyeyuka katika mmumunyo wa maji na monoethanolamini (aina ya amini, kemikali inayonasa hewa ukaa) wa asilimia 30 kwa uzito, kwenye nyuzi 40 za Selsiasi. Ninaingiza gesi kutoka kwenye tangi dogo hadi kwenye chombo kilichofungwa, kisha ninasoma shinikizo. Matokeo yangu huzidi yale yaliyochapishwa, na mara nyingine ninapata zaidi ya nusu moli (moli ni kipimo cha idadi ya molekuli) ya gesi kwa kila moli ya amini. Nimekosea wapi?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Ndugu msomaji, kuvuka nusu moli peke yake si kosa. Molekuli mbili za amini hii hushika molekuli moja ya hewa ukaa na kuunda kabamati (kiwanja cha amini iliyoungana na hewa ukaa), na hapo ndipo nusu hiyo inapotoka. Lakini shinikizo likipanda, sehemu ya kabamati huvunjwa na maji, amini huachiliwa, na gesi zaidi huingia na kuwa bikabonati, umbo la hewa ukaa iliyoungana na maji badala ya amini. Vipimo vya Jou, Mather na Otto vya mwaka 1995, ambavyo vilihusu mmumunyo huohuo, navyo vinavuka nusu.

Kinachonitia shaka ni huko kuzidi, na mshukiwa wangu wa kwanza ni uvujaji. Katika njia unayoitumia hakuna anayeiona gesi iliyoyeyuka: tunahesabu iliyotoka tangini, tunatoa iliyobaki juu ya kimiminika, na kinachosalia tunakiandika kuwa kimeyeyuka, hata kama kimepenya kwenye vali. Jaza chombo kitupu naitrojeni, shikilia jotoridi lilelile usiku kucha uone kama shinikizo linashuka, na upake maji ya sabuni kwenye kila kiungio. Ukirudi kwenye hewa ukaa na mmumunyo, chombo kisichovuja, kikorogeo kikizunguka, shinikizo lake hushuka haraka, kisha polepole, kisha hutulia kabisa; kinachovuja hakitulii.

Kosa jingine huvuta upande wa pili. Tangi likiwa na bari 20 kwenye nyuzi 25, kanuni ya gesi kamilifu hupunguza idadi ya moli kwa karibu sehemu moja ya kumi, kwa hiyo tumia mlinganyo wa Peng na Robinson, ambao huzingatia kuwa molekuli za gesi halisi huvutana. Ninalisisitiza hili kwa sababu makosa haya mawili yanaweza kufichana, na mwanafunzi akafurahia jibu linalolingana na matokeo yaliyochapishwa huku kifaa chake kikiwa kibovu.

Usisahau kuondoa hewa iliyomo katika mmumunyo kwa pampu ya ombwe kabla ya kuanza, na kupunguza shinikizo la mvuke wa mmumunyo wenyewe kutoka katika shinikizo unalolisoma. Kwenye nyuzi 40 maji matupu hutoa takriban kilopaskali 7, kiasi kinachoweza kuzidi shinikizo la hewa ukaa yenyewe pale gesi inapokuwa kidogo. Mwisho, chota sampuli ya kimiminika bila kuiachia shinikizo, iingize katika hidroksidi ya sodiamu iliyo nyingi, tenga kabonati kwa kloridi ya bariamu, kisha uipime kwa taitresheni ya asidi. Hesabu hii haitegemei geji yako hata kidogo.

Ukihamia kupima haidrojeni salfaidi, gesi ya sumu yenye harufu ya mayai yaliyooza, usiitegemee pua: ikifikia takriban sehemu 100 kwa milioni, gesi hiyo huua uwezo wa kunusa. Fanya kazi ndani ya kabati la kuvuta hewa, ukiwa na kitambuzi chenye kengele na mwenzako karibu.