Vikombe viwili mezani: maswali yenu kuhusu mwanzo wa filamu ya kusisimua

Msimu wa kazi za vitendo ukifika, barua zenu huja na swali lile lile kwa sura tofauti: tumepewa dakika mbili, filamu iwe ya kusisimua, ile inayochezea akili ya mtu, tuanzie wapi? Wengi mnasoma Media Studies, somo la vyombo vya habari la mitihani ya Cambridge, ambako mwanafunzi hutengeneza mwanzo wa filamu mpya ya kubuni usiozidi dakika mbili, majina ya watengenezaji yakiwemo humo humo, halafu anaitathmini kazi yake mwenyewe. Wengine ni wa klabu za shule, hamna mtihani wowote, mna simu na hamu tu. Nimewajibu pamoja.

Filamu yetu inaanza saa ikilia, msichana anaamka, anapiga mswaki, anainua uso kwenye kioo na nyuma yake kuna mtu. Mwalimu anasema imezoeleka. Tubadili nini? (Kundi la watu wanne, Dodoma)

Mwalimu wenu kasema kweli. Kwa kutazama kazi za wanafunzi nimeshaona watu wengi wakipiga mswaki kuliko daktari wa meno wa wilaya. Lakini kuzoeleka ni kosa dogo. Kosa kubwa ni kwamba yule mtu wa kwenye kioo anamaliza kazi. Mtazamaji anashtuka, anacheka, anarudi kwenye karanga zake. Mshtuko hudumu sekunde moja, na nyinyi mna dakika nzima iliyobaki.

Niwape mfano. Kundi moja nililowahi kulisaidia halikuwa na kitu zaidi ya jiko la nyumbani kwa mmoja wao. Walianza na mikono ya msichana ikimimina chai kwenye kikombe, kisha kwenye kikombe cha pili. Anaweka sukari vijiko viwili huku, kimoja kule, kama mtu anayejua nani anakunywaje. Anageukia chumba cha ndani, anaita, "Chai tayari." Anatega sikio, anatabasamu, anajibu kwa sauti ya chini, "Haya, nakusubiri." Sisi hatujasikia mtu. Anaingia kaka yake, amevaa nguo za kazini. Anachukua kikombe cha pili, anamwaga chai kwenye sinki, anakisuuza, anakirudisha kabatini. Dada anaendelea kukoroga cha kwake. Kabati linafungwa, na jina la filamu linatokea juu ya mlango wake.

Hakuna kisu hapo wala aliyepiga kelele. Lakini nilitoka pale na maswali. Kikombe kile ni cha nani? Kaka amekisuuza mara ngapi, mpaka mkono wake umezoea hivyo? Na lile lililonikalia zaidi: ni dada anayemsikia asiyekuwepo, au ni kaka anayemfuta aliyekuwepo?

Basi kabla hamjagusa kamera, andikeni kwenye karatasi swali moja mnalotaka mtazamaji abaki nalo. Shoti (kipande kimoja cha picha) isiyolilisha swali hilo itoeni, hata kama mliamka saa kumi alfajiri kwenda kuipiga.

Tukiweka jini, bado itaitwa ya kisaikolojia? (Kidato cha tano, Tanga)

Inategemea mnamwonesha au hamwoneshi. Jini akishatokea na macho mekundu, hiyo ni filamu ya kutisha, shaka imekwisha. Ila msidanganywe kwamba lazima mwache mambo ya kwetu. Mtazamaji wa Pwani hatakaa akijiuliza kama majini wapo, kwa wengi hilo halina mjadala. Atakachojiuliza ni kama hili lililopo mbele yake ni jini kweli au ni mtu huyu tu na yake moyoni. Hapo ndipo pazuri. Harufu ya udi iingie chumbani, bibi aseme lake, shangazi muuguzi aseme lake, na kamera isimwunge mkono yeyote kati yao.

Mwigizaji wetu akiambiwa aogope, anakodoa macho kama kambale. Tumbadilishe? (Mwongozaji, Kisumu)

Usimbadilishe, mwambie asifanye kitu. Lev Kuleshov, mwongozaji wa Urusi ya Kisovieti, alichukua uso mmoja wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso mtulivu usio na hisia, akauunganisha na bakuli la supu, na maiti kwenye jeneza, na mtoto anayecheza. Pudovkin, aliyekuwa mwanafunzi wake, alisimulia kwamba watazamaji walisifu uigizaji: wakaona mtu aliyezama mawazoni mbele ya supu, wakaona majonzi, wakaona furaha. Uso ulikuwa ule ule.

Mpige kijana wako akitazama ukutani huku anahesabu moyoni kutoka 50 kurudi nyuma. Kisha unganisha na mlango ulioachwa wazi kidogo. Hofu tutaileta wenyewe.

Video tulizopiga darasani kwa simu zina mistari myeusi inayopanda na kushuka. Simu imeharibika? (Mombasa)

Simu nzima. Umeme wetu, Kenya na Tanzania, ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi, hasa zile ndefu za tyubu na taa za LED za bei ya chini, hufifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde. Simu nyingi hupiga fremu, yaani picha moja moja, 30 kwa sekunde, hesabu haziendani, mistari inatokea. Wekeni fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha) ya 1/50 au 1/100 ya sekunde. Kwenye iPhone, fremu 25 hufichwa mpaka uwashe mipangilio ya PAL kwenye sehemu ya kamera. Kwenye Android tafuteni video ya "Pro", au pakueni programu ya bure ya Blackmagic Camera. Mkiwa huko huko, fungeni fokasi na mwanga visihame. Hakuna kinachoua mashaka kama picha inayong'aa ghafla kwa sababu mtu kapita na shati jeupe.

Tunataka usiku lakini hatuna taa. (Klabu ya filamu, Morogoro)

Pigeni picha wakati wa magharibi. Huku karibu na ikweta giza halichelewi, mna kama dakika 20 tangu jua lizame, basi fanyeni mazoezi mchana wote na mpige mara mbili au tatu tu. Punguzeni mwanga kwenye simu mpaka anga iwe ya buluu nzito, na muwashe taa moja ya ndani ionekane dirishani. Usiku wa kweli kwa kamera ya simu ni chengachenga tupu.

Maneno hayasikiki, feni na bodaboda zinameza kila kitu. Tufunike na muziki? (Dar es Salaam)

Muziki hauzibi sauti mbovu, mtakuwa na makelele mawili. Sauti ndiyo nusu ya filamu ya namna hii, na ndiyo wanafunzi huipa dakika kumi za mwisho.

Chukueni simu ya pili, iwe kinasa sauti, ifungwe ndani ya shati la mwigizaji au ifichwe nyuma ya birika, isizidi urefu wa mkono kutoka mdomoni. Pigeni kofi moja mbele ya kamera kabla ya kila shoti, hilo kofi ndilo mtakalolinganishia sauti na picha. Zimeni feni, vumilieni jasho. Friji pia, ila aliyeizima aache funguo zake ndani yake ili asiondoke bila kuiwasha. Samaki wa watu wasioze kwa ajili ya sanaa. Mkimaliza, wote mnyamaze, mrekodi chumba kikiwa kimya nusu dakika. Ukimya huo mtauhitaji kuziba mapengo, kwa sababu kila chumba kina ukimya wake.

Kisha tengenezeni sauti moja moja karibu kabisa. Kijiko kwenye kikombe, kikirekodiwa kutoka sentimita tano, hakifanani na kijiko tunachokisikia kila asubuhi. Kile cha dada wa vikombe viwili kiliendelea kukoroga hata picha ilipokwisha kuwa nyeusi. Wimbo wa kuokota mtandaoni uacheni, una mwenyewe na una haki zake. Mkihitaji muziki kabisa, mtafuteni mwenzenu anayepiga kinanda, awape noti mbili.

Mama yangu ni muuguzi wa afya ya akili. Aliposoma skripti yetu, kichaa aliyetoroka hospitali na kisu, alikasirika. Anakuza mambo? (Msichana, miaka 17)

Hakuzi hata kidogo. Jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma inayotibu watu, limegeuzwa tusi la mtaani, kama Mathari kule Nairobi. Filamu zetu zimechangia. Ukweli ni kwamba mwenye ugonjwa wa akili ana uwezekano mkubwa zaidi wa kudhuriwa kuliko wa kudhuru. Na skizofrenia siyo "mtu mwenye watu wawili ndani yake", ingawa skripti tatu kati ya nilizoletewa mwaka huu zimeandika hivyo.

Niseme pia kama mpenzi wa filamu: kichaa mwenye kisu ni uvivu. Anakupa jibu la kila swali, kwa nini ameua, kwa nini yuko hapa, "kwa sababu ni kichaa". Mwombe mama akuelezee mtu asiyelala siku nne anauonaje ukuta wa chumbani kwake. Andika kutoka ndani ya kichwa hicho, na kisu ukirudishe jikoni. Maelezo ya mabadiliko hayo yahifadhi pia, maana swali la kwanza la tathmini ya Cambridge linauliza, pamoja na kanuni za aina ya filamu, kazi yako imewaoneshaje watu wa makundi fulani katika jamii.

Tuna tukio la mtu kukimbizwa mtaani na bastola ya bandia. (Wavulana, Mwanza)

Hapana. Asiyeona kamera haoni bandia, anaona bastola. Mfukuzeni mtu kwa hatua za viatu tu, na hata hizo mpeleke kwanza barua ya shule kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa.

Niliandika tathmini kurasa tatu, mwalimu kaandika pembeni "unasimulia, hutathmini". Tofauti ni nini? (Nairobi)

Uliniambatanishia sentensi hii: "Tulitumia shoti za karibu kuonesha hisia na muziki wa kutisha kuleta hofu, kwa hiyo tulifuata kanuni za filamu za kusisimua." Ifanyie jaribio dogo. Futa jina la filamu yako, mpe jirani yako aibandike kwenye kazi yake. Imekaa? Basi haikuwa yako.

Sasa soma hii, mfano wangu: "Sekunde ya 41 tulipanga shoti ya karibu ya uso. Kwenye kuhariri tukaona uso unamwambia mtazamaji aogope kabla hajajua cha kuogopa. Tukaipiga upya kwa mbali, mhusika mdogo mlangoni, nusu ya fremu tupu. Tulipowaonesha wenzetu sita, wanne walikuwa wakitazama upande mtupu. Tungeweza kuishikilia sekunde mbili zaidi. Tuliikata mapema kwa kuogopa kuchosha." Kuna mahali, kuna uamuzi, kuna sababu, kuna ushahidi, na kuna kosa linalotajwa bila kujipigapiga kifua. Hiyo ndiyo tathmini. "Muda haukutosha" ni kilio tu.

Maswali yaliyobaki ya tathmini ya Cambridge yanauliza umewafikiaje watazamaji na filamu ingesambazwa vipi, ujuzi wako umekuaje, na umetumiaje teknolojia. Kwenye usambazaji, tafadhali, usiniambie studio ya Hollywood. Filamu ya Kiswahili ya vijana wanne ina njia zake: chaneli ya YouTube, tamasha kama ZIFF la Zanzibar, ukumbi wa shule. Eleza kwa nini hiyo na siyo nyingine.

Kwenye ukuaji wa ujuzi wengi hukwama kwa kuwa wamefuta video za mwanzo kwa aibu. Nawashauri zoezi la mtaala wa zamani wa OCR, bodi ya mitihani ya Uingereza: mtu anafungua mlango, anavuka chumba, anaketi mkabala wa mwenzake, wanasemezana maneno machache. Lipigeni wiki ya kwanza, liwe baya linavyotaka, na mlitunze. Mlango ukifunguka mara mbili kwenye kukata, mhusika akitazama upande usiokuwa na mwenzake, makosa hayo ndiyo utakayoyaweka sambamba na kazi ya mwisho.

Tumeonesha darasa zima, wote wamesema "kali sana". Tunaandika hivyo? (Arusha)

Mlishawahi kumwambia rafiki chakula chake kibaya akiwa amesimama mlangoni na mwiko? Msiulize kama ni nzuri. Mtafuteni mtu ambaye hakuwepo, aoneshwe mara moja tu, kisha asimulie alichokiona kama anamweleza mtu kwenye simu. Nyinyi nyamazeni, hata akikosea. Hasa akikosea. Andikeni pia ni sekunde ya ngapi aliishika simu yake.

Wale wa vikombe walifanya hivyo, na mtu wa tatu akasema, "Kuna dada na mfanyakazi wa ndani, anaosha vyombo." Nguo za kazini na kile kikombe vilimpoteza. Hasira zilipopoa wakafikiria picha ya familia ukutani, wakafikiria kumpa kaka maneno ya kujieleza, wakaacha yote. Waliongeza salamu. Kaka anapoingia, dada, bila kugeuka, anasema, "Shikamoo kaka." Kaka haitikii. Anakwenda moja kwa moja kwenye kikombe.