Gari Jipya au Lililotumika?

SWALI: Mhariri, tuna watoto watatu na tunataka gari dogo la familia lililoinuka, mfano wa Toyota RAV4 au Honda CR-V. Je, tununue jipya au lililotumika?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa kuwa gari jipya hupoteza thamani kwa kasi zaidi katika mwaka wake wa kwanza, mimi ningechagua lenye umri wa miaka 3 hadi 5, mradi liwe na kumbukumbu kamili za matengenezo. Mpeleke fundi asiye na uhusiano wowote na muuzaji, akague kutu upande wa chini na kusikiliza giaboksi, hasa ile ya otomatiki iitwayo CVT, isiyo na gia za hatua kwa hatua, ambayo huweza kuharibika mapema mafuta yake yasipobadilishwa kwa wakati. Jipya lina waranti, na hilo si jambo dogo kwa asiye na akiba ya matengenezo.

Jambo linalonigusa zaidi ni watoto wenu: magari mengi ya ukubwa huu hayaenei viti vitatu vya watoto kwa safu moja, kwa hiyo nendeni navyo, mvifunge na mhakikishe kila mkanda unafungika, kabla hamjalipa chochote.