Anajipiga, anang'ata, na hana neno la kuniambia kwanini

Mwezi huu meseji za wazazi wa watoto wenye usonji wasioongea zimekuwa nyingi, na karibu zote zinauliza kitu kimoja, mtoto aachaje kujiumiza na kuumiza wengine. Nimechagua nne, nimezifupisha na majina nimeyatoa. Wanaonisoma siku zote wanajua kijana wangu mwenyewe ana miaka 19 na mpaka leo haongei, kwa hiyo nisameheni nikiongea kama mama kuliko kama mshauri.

Dada habari za kazi. Nina mtoto wa kiume wa miaka 7 ana usonji, haongei kabisa. Zamani akikasirika alikuwa anajing'ata mkono, nikazoea. Sasa hii wiki ya tano anajipiga ngumi shavuni upande wa kulia, karibu na sikio, na jioni anagonga kichwa ukutani mpaka tunamsikia chumba cha pili. Nikimshika ananing'ata, mikono yangu imejaa alama. Baba yake anasema namdekeza, mama mkwe anasema fimbo. Juzi nilimzaba kofi, akaniangalia tu, usiku sikulala. Nisaidie dada nimefika mwisho. Mama J.

Mama J, pole sana. Hilo kofi tulimalize kwanza ili lisikusumbue. Umepiga, umelia, basi lisirudiwe, na fimbo ya mama mkwe mwambie kwa heshima zote ibaki hukohuko. Mtoto anayejipiga mwenyewe mpaka anavimba, utamtishia na maumivu gani tena? Atakachojifunza ni kwamba mtu akizidiwa anapiga, na hilo tayari analijua.

Sasa rudia kusoma ulichoniandikia, manake umeniletea mambo mawili ukayafunga fungu moja. Kujing'ata mkono ni kwa zamani, na unajua kunatokea akikasirika. Kujipiga upande mmoja wa uso, karibu na sikio, kulikoanza wiki tano tu zilizopita, hiyo ni habari nyingine kabisa. Kwa mtoto asiyeongea, kitu kipya kilichoanza ghafla mimi nakihesabu ni maumivu mpaka daktari aniambie sio. Sikio lenye usaha, jino lililotoboka, kichwa kinachogonga, choo kigumu cha siku nne, kiungulia kinachopanda akilala, hata usingizi mbovu wa wiki nzima, vyote hivyo wewe ungelalamika, yeye ana ngumi tu.

Wangu alipokuwa na miaka 9 alianza kujipiga kidevu. Daktari wa kwanza hata mdomo hakumfungua, akaniambia "hao ndo walivyo mama". Wiki tatu baadaye daktari wa meno akakuta gego limeoza mpaka kwenye mzizi, likang'olewa, na ngumi zikaisha wiki hiyohiyo. Yaani wiki tatu nzima mtoto anapigana na jino na sisi tumemsimamia pembeni tunamwambia acha, acha. Kwa hiyo ukifika kwa daktari usianze na "ana usonji", anza na "hakuwa hivi, ana wiki tano anajipiga hapa", muonyeshe video kwenye simu, na usitoke mpaka masikio, mdomo na tumbo vimeangaliwa. Macho pia, kwa sababu ngumi za usoni zikirudiwarudiwa zinaweza kuachanisha retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, au kuleta mtoto wa jicho, na yeye hawezi kukwambia kwamba haoni vizuri. Na siku akigonga kichwa kwa nguvu kisha akatapika, au akasinzia kwa namna ambayo sio yake, au akayumba, au akakakamaa na kutetemeka, au maji kama machozi yakamtoka puani au sikioni, usisubiri kupambazuke.

Maumivu yakishaangaliwa ndo turudi kwenye ule mkono anaong'ata. Chukua daftari la kawaida tu, wiki mbili, kila tukio mistari mitatu: kabla kidogo kulikuwa na nini, alifanya nini, na baada yake alipata nini au aliepuka nini. Huo mstari wa tatu watu wanauruka na ndo wenye jibu. Kwa mfano, "Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nimemwambia avae viatu. Kajing'ata mkono. Nimemvua kile cha kwanza nikamwacha akae." Umeona? Amesema sitaki, na amejibiwa. Wala sio jeuri hiyo, ana neno moja tu maishani na linafanya kazi. Sababu zenyewe ukizichambua haziwi nyingi, anakimbia kitu, anataka kitu, anamtaka mtu, au mwili wenyewe unaitaka ile hisia, na mtoto mmoja anaweza kuwa na mbili kwa wakati mmoja.

Hapa kuna jambo ambalo natamani kila mzazi angelijua. Mwaka 1985 wataalamu wawili wa Marekani, Edward Carr na Mark Durand, walichapisha utafiti wa watoto wanne waliokuwa na fujo za namna hii, hao wao walikuwa wanaweza kusema sentensi fupi. Mtoto ambaye fujo zake zilikuja kazi ikiwa ngumu alifundishwa kusema kwamba haelewi, ambaye zake zilikuja akikosa mtu wa kumwangalia alifundishwa kuuliza kama anafanya vizuri, na fujo zikashuka. Walipobadilisha, wakampa mtoto sentensi isiyoendana na sababu yake, hazikushuka. Yaani neno lenyewe halitoshi, lazima liwe neno la shida yake. Asiyeongea anapewa kadi au ishara ya mkono au kitufe kwenye tableti, mantiki ni ileile.

Na kadi za picha wengi mnazo, tatizo zimejaa vitu vya kuomba, kikombe, mpira, simu. Kadi ya "sitaki" iko wapi? Ya "nisaidie" je, na ya "panauma"? Tumempa mtoto midomo ya kuomba juisi tukamnyima mdomo wa kukataa, alafu akikataa kwa meno tunashangaa.

Kwako wewe anza na kadi moja tu, "inatosha". Mkono ulionyooshwa, au hata karatasi nyekundu, haihitaji uzuri. Itundike pale mlangoni anapovalia viatu. Kila mtoto ana dalili zake kabla hajalipuka, wangu alikuwa anaanza kuguna na masikio yanamwiva, sasa ukiziona tu, mtu mwingine aliye nyuma yake amsaidie mkono taratibu achukue kadi akupe wewe uliye mbele, na wewe papo hapo weka kiatu chini. Papo hapo, sio "subiri kidogo baba". Kadi ikichelewa kujibiwa kuliko meno atarudi kwenye meno, hata mimi ningerudi. Akishaizoea ndo unamwongezea kidogokidogo, kiatu kimoja kwanza alafu inatosha, kesho viwili alafu inatosha.

Baba yake atasema sasa hatavaa viatu milele. Mwanzoni ndiyo, atakupa hiyo kadi mpaka uichukie, vumilia. Na siku mtakayoacha kuyajibu meno, meno yataongezeka kwanza kabla ya kupungua, hapo ndo familia nyingi zinakata tamaa zikidhani njia imeshindwa. Ila sijasema umwache agonge kichwa ati unampuuza, kichwa hakipuuzwi, kinakingwa. Na anayekwambia kadi zitamfanya asiongee, hakuna ushahidi wa hivyo, kuna watoto zimewasaidia hata sauti kutoka.

Sasa jioni, kichwa kikiwa ukutani. Usihubiri, hasikii. Weka mto kati ya kichwa na ukuta bila kusema kitu, zima tivii, punguza taa, watoto wengine watoke, na kama lazima uongee basi maneno mawili kwa sauti ya chini. Akikung'ata usivute mkono maana ndo nyama inachanika, usukume taratibu kuelekea mdomoni kwake, taya linalegea lenyewe, kisha osha kwa maji na sabuni na kama ngozi imetoboka uonekane hospitali. Na mwambie baba yake hivi bila kupunguza makali: msimlaze kifudifudi mkamkandamiza, wala mtu asimkalie mgongoni, hata kidogo, watu wamekufa hivyo kwa kukosa pumzi mikononi mwa waliokuwa wanawatuliza.

Niandikie daktari akishaangalia hilo sikio.

Dada, binti yangu ana miaka 12 haongei, anajikwaruza uso na anapiga wenzake. Daktari ameandika risperidone. Ndugu wanasema atakuwa zezeta. Dawa nimeiweka kwenye droo wiki ya pili sasa. Baba wa binti.

Baba, droo haijamponya mtu, lakini hofu yako naielewa. Hiyo dawa Marekani iliruhusiwa mwaka 2006 kwa watoto wenye usonji wa miaka 5 mpaka 16 wenye hasira kali, fujo na kujiumiza, na 2009 ikafuata aripiprazole kwa wa miaka 6 mpaka 17. Haitibu usonji na wala haimpi maneno. Inachofanya, kwa watoto wengi, inashusha ule moto mtoto akafundishika. Bei yake ni usingizi, njaa isiyoisha, uzito kupanda, sukari na mafuta kwenye damu kuvurugika, wengine wanatetemeka, na kwa msichana hedhi inaweza kwenda ovyo au chuchu zikatoa maziwa.

Kwa hiyo kabla ya kidonge cha kwanza apimwe uzito na damu, alafu muulize daktari maswali yangu matatu: tunataka kupunguza kitu gani hasa, lini tunakaa kupima kama imesaidia, na siku ya kuacha tunaachaje. Usikatishe ghafla mwenyewe kisa shemeji kasema. Ukimuona amekuwa kama amefungwa, hana furaha wala utundu wake, rudi haraka kwa daktari, pengine dozi ni kubwa.

Na kwa umri huo tafadhali wekeni kalenda ukutani mtie alama siku za fujo. Zikijikusanya siku zilezile kila mwezi, huenda ni tumbo la hedhi linalomtesa na anachohitaji ni dawa ya maumivu. Mimi sio adui wa vidonge, wangu alitumia mwaka na nusu, ila dawa bila daftari naiona ni kumnyamazisha mtoto ambaye tayari yuko kimya.

Anti kuna matone mtandaoni wanasema yanatoa sumu mwilini na usonji unaisha, vipi nijaribu?

Hapana. Hayo ya klorini dayoksaidi ni kemikali ya kupaushia, yanaunguza tumbo, mtoto akiharisha na kujipiga zaidi wauzaji wanakwambia "ndo sumu inatoka hiyo". Na ukisikia sindano za kutoa metali kwenye damu kwa ajili ya usonji kimbia, mwaka 2005 Marekani mtoto wa miaka 5 alikufa kwa hizo.

Shikamoo anti. Nina miaka 15. Mdogo wangu ana usonji, ananivuta nywele mpaka zinang'oka. Mama anasema nivumilie kwa sababu hajui. Nampenda ila namuogopa.

Marahaba mwanangu. Kumuogopa mtu anayekuumiza sio dhambi na wala haimaanishi humpendi. Mama kama unasoma hapa, mtoto wako mkubwa hajaomba kumkimbia ndugu yake, ameomba mlango, basi apewe chumba au hata kona ambayo mdogo wake haingii, na nusu saa kwa siku ya kukaa na wewe bila kuingiliwa. "Vumilia" sio mpango.

Akikushika nywele usijivute nyuma. Weka mikono yako miwili juu ya ngumi yake, ibane kwenye kichwa chako nywele zisivutike, inama umfuate anakovuta, nyamaza, subiri vidole vilegee, na kama kuna mtu mzima karibu muite kwa sauti ya kawaida. Ukipiga kelele kuna watoto wanaona kama mchezo wakaongeza. Nywele funga nyuma ukiwa nyumbani.

Alafu nisaidie kazi moja ya upelelezi. Mara tatu zijazo, kumbuka ulikuwa unafanya nini dakika moja kabla hajakuvuta. Kama kila mara ulikuwa umempa mgongo uko kwenye simu, niandikie tena, nitakuelekeza kutengeneza kadi yenye picha yako, awe anakuletea hiyo.