Mwalimu mpya wa muziki, usitupe karatasi za waamuzi

Mwalimu mwenzangu, umeuliza utajipangaje na utakuaje kitaaluma wakati una madarasa yote ya sekondari, kwaya, ngoma za Tamasha la Muziki la shule, na kila mgeni akifika shuleni unaitwa wewe. Nina miaka 14 katika kazi hii, huku magharibi mwa Kenya. Mitatu ya kwanza nilihangaika hivyo hivyo.

Anza na kabati. Kila filimbi ya rekoda, kila ngoma ya isukuti, kila orutu (fidla ya uzi mmoja ya Waluo) ipewe namba ya rangi isiyofutika, na mwanafunzi anayeichukua atie sahihi mwenyewe. Hilo ni la siku moja tu.

Kalenda ndiyo ngumu. Tamasha la kitaifa kwa kawaida huwa Agosti, kwa hiyo ngazi ya kaunti ndogo hukukuta muhula wa pili ukiwa bado mchanga. Halafu KCSE, mtihani wa kumaliza Kidato cha Nne, kwa muziki ina karatasi tatu, na ile ya vitendo hutangulia zile za kuandika. Ukiitegemeza kwaya yako yote kwa Kidato cha Nne, watoto hao watalemewa pande zote mbili. Mimi nilikuwa nikiwapa Kidato cha Pili na cha Tatu uzito wa kwaya, na wa Nne waliimba wakiweza. Wimbo wa lazima, ule unaopangiwa shule zote, uanze kufundishwa mara tu unapotangazwa, hata kama ni mistari minane kwa wiki. Na toa mapema nakala za wimbo wa hiari, ule unaouchagua mwenyewe, za kuwapa waamuzi. Mwaka mmoja nilizisahau mezani nyumbani, na yale macho ya watoto wakinisubiri pale jukwaani sijayasahau.

Sasa hili ndilo ninalotaka ulishike. Karatasi za maoni ya waamuzi nilikuwa nikisoma alama, kisha nazitia droo. Jioni moja nikazitandaza za miaka minne mezani. Waamuzi walikuwa tofauti, nyimbo tofauti, watoto tofauti, lakini kila mwaka kulikuwa na neno lile lile: sauti ya pili (alto) inashuka chini ya tuni. Miaka yote hiyo nililaumu waimbaji. Kumbe watoto walikuwa wamebadilika mara nne, mwalimu ni yule yule.

Nilianza kurekodi mazoezi kwa simu, na siku ya pili tu nikasikia kosa. Wasichana wa sauti ya pili nilikuwa nikiwaimbia sehemu yao kwa sauti yangu ya kiume, oktavu moja chini. Nao walikuwa wananifuata huko chini, wanaipoteza tuni taratibu. Isitoshe, nilikuwa nikianza na sauti ya kwanza kila siku, hawa wakifikiwa wameshachoka. Nikamchagua msichana mmoja mwenye sikio zuri awe ndiye anayewaonyesha, kwa solfa (do, re, mi) kwanza, maneno baadaye, na dakika kumi za mwanzo zikawa zao. Mwaka uliofuata karatasi ya mwamuzi haikuwataja kabisa. Nilifurahi kuliko siku tuliyopata kikombe.

Kuhusu kukua: nenda warsha za nyimbo za lazima hata ukijua nota vizuri, na siku ya mashindano kaa usikilize vipengele ambavyo shule yako haikuingia. Kama nota za mistari mitano bado zinakusumbua, mitihani ya nadharia ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, gredi ya 1 hadi ya 5, itakunyoosha. Ada yake si ndogo, panga mapema. Ila kilichonijenga zaidi ni mzee mmoja jirani aliyenifundisha orutu Jumamosi asubuhi kwa miezi saba. Tangu hapo, nikifundisha muziki wa asili kwa ajili ya karatasi ya tatu, nasema nilichokishika kwa mikono yangu.

Karatasi za waamuzi za mwaka jana bado unazo? Zitafute, kisha utuandikie hapa waamuzi walisema nini. Tutazisoma pamoja.