Gunia la maharage na fukusi

SWALI: Mi niko Jinja, nyumbani tuko sita, mimi na mzee na watoto wanne, na maharage tunapika karibu kila siku. Nimechoka kununua kwa kikopo dukani kila jioni. Mwaka jana nilinunua gunia la kilo mia wakati wa mavuno, mwezi wa pili tangu ninunue yakaanza kutoka unga na mashimo, karibu robo nikawamwagia kuku. Jirani ananiambia safari hii nitie ile dawa ya vidonge. Nifanye hivyo ama nirudi tu kwa kikopo?

JIBU: Kwa kikopo usirudi dada, huko ndo hela inaisha polepole bila wewe kuona, maana mwenye duka naye alinunua gunia kama lako akaweka faida yake juu, na vikopo vingine vimebonyezwa kitako kikaingia ndani, siku moja mimina kwa mizani uone. Wazo lako la gunia ni zuri, na wakati wa kununua ni huohuo wa mavuno, mwezi wa 6 na wa 7, halafu tena mwezi wa 12 kuingia wa 1.

Sasa hao fukusi. Mara nyingi hawaingii wakiwa nyumbani kwako, wanakuja na maharage yenyewe, mayai yametagwa tangu shambani ama kwenye stoo ya mchuuzi, kafunza kanatoboa kanaingia ndani na punje kwa nje unaiona safi kabisa. Kutoka yai mpaka mdudu anayeruka ni kama mwezi kwa joto letu. Mkila kilo moja kwa siku gunia linakaa siku mia, hapo ni vizazi vitatu, na jike mmoja anataga mayai kwa makumi. Ndo maana mwezi wa kwanza baada ya kununua ulikuwa shwari.

Vidonge hapana. Vile vinatoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo haichagui fukusi na mtoto aliyelala chumba kimoja na gunia. Tafadhali hata usivilete nyumbani.

Mdudu anapumua, kwa hiyo mnyime hewa. Kuna magunia maalum yenye mifuko miwili ya plastiki ndani, yanafanya kazi vizuri sana, ila kwa mtu wa kupika kila siku mi naona yana shida moja, kila ukifungua kuchota hewa inaingia upya. Afadhali jerikeni za lita 20, zilizooshwa zikakauka kabisa, isiwe iliyobeba mafuta ya taa ama dawa ya shamba. Moja inabeba kilo kama 15, kwa hiyo gunia lako linataka saba. Kata chupa ya soda ufanye faneli, mimina huku unatikisa mpaka mdomoni kabisa, hewa ikibaki nyingi juu wadudu nao watabaki, weka kipande cha kaveera, yaani mfuko wa plastiki, chini ya kifuniko ukaze. Kisha fungua moja tu, maliza, ndo ufungue nyingine. Hiyo moja mtaimaliza kwa wiki mbili, fukusi hawapati muda.

Lakini usifunge maharage ambayo hayajakauka vizuri, mimi nilishafanya ujinga huo, nikafungua nikakuta harufu ya pombe na ukungu. Chukua chupa ya glasi iliyokauka, ya jemu inatosha, weka maharage theluthi na vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, yaache kama robo saa. Chumvi ikishika kwenye glasi, bado yana maji mengi, anika juu ya tapalini siku mbili tatu, yapoe kwanza ndo ufunge.

Jaribio hilo lifanye sokoni kabla hujalipa, kama muuzaji atakuvumilia. Maharage yenye maji asilimia 18 ukiyakausha yafike 13, kilo mia zinabaki 94 hivi, yaani kilo kama sita ulinunua maji kwa bei ya maharage! Hapo ndo pa kubishania bei.

Na jerikeni zikae pahali pa baridi, sio chini ya bati wala karibu na sigiri, maana maharage yakikaa kwa joto miezi mingi yanakuwa magumu kuiva na hela uliyookoa inaenda kwa makaa. Usiku loweka.