Huyo Fundi Usimpe

Mwanangu Zuhura,

Umeniuliza kama umpe fundi yule mwanasesere wa Kijerumani niliyekuachia, amchovye upya kwenye nta ili nyufa za usoni zipotee. Usimpe.

Kichwa chake si nta tupu. Nta tupu ya kumimina ni wale wa Uingereza, kama wa familia ya Montanari, mafundi wa wanasesere waliopata medali kwenye maonyesho ya London mwaka 1851, na bei yao ilikuwa ya wenye nazo. Huyu wako ni wa Sonneberg, kule Thüringen. Wao walifinyanga kichwa kwa rojo la karatasi na gundi, wakakipaka rangi ya waridi, ndipo wakakichovya kwenye nta. Ile rangi inayochungulia kwa chini ndiyo inayompa uso wa mtoto aliyetoka kuogeshwa. Kazi nyingi ilifanyikia majumbani, wazazi na watoto wao kwenye meza moja. Macho ya kioo yalitengenezwa Lauscha, hapo jirani.

Sasa, joto likizidi nta hutanuka kuliko karatasi, na baridi ikija hunywea kuliko karatasi. Zaidi ya miaka 100 ya kuvutana hivyo, uso utaachaje kupasuka? Mimi nikimwona wa Sonneberg asiye na ufa hata mmoja, namtilia shaka kwanza. Ukimchovya, nyusi na midomo iliyochorwa kwa mkono itazama ndani ya nta mpya, na siku ukitaka kumuuza, mnunuzi anayejua atamrudisha mezani bila kuuliza bei.

Wangu wa kwanza nilimharibu mwenyewe. Nilimpangusa kwa pamba yenye spiriti. Wekundu wa shavu ukaja wote na pamba. Mpaka leo namkalisha akitazama upande.

Ila mtoe hapo juu ya redieta, hicho chuma cha kupasha chumba joto, leo hii! Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hivi, lakini sisi watu wa Tabora tunajua inavyolegea mapema kabla ya hapo. Mlaze chali sandukuni, uso usiguse kitu, mbali na dirisha. Vumbi litoe kwa brashi laini, kavu. Gauni usilifue.

Huyo fundi kama anatafuta kazi, mpe kile kiti chako kinachoyumba.

Mama yako